Shilingi Ishirini za Maji

Kijana wa kuosha magari pale njia panda ya Kasigau amechora kibao kwa rangi nyekundu: TUNAOSHA HELMETI. Bei hakuandika. Asubuhi moja nikitoka kununua maziwa nilimwuliza, naye akanitazama mvi kwanza kabla ya kujibu, utadhani bei hupangwa kulingana na kichwa. Hamsini kwa nje peke yake, mia moja ukitaka na ndani. Ndani anapuliza povu la kopo lenye harufu ya stroberi. Stroberi mimi sijapata kuila maishani, ila harufu yake naijua vizuri, kwa kuwa siku hizi nusu ya vijana wa boda hapa Maungu wananukia hiyo, na abiria wao wakishuka wananukia hiyo hiyo.

Nilisimama nikamtazama. Alizichomoa sponji za mashavuni, akazikamua ndani ya beseni, akazianika juu ya tairi kuukuu, kisha akaingiza mkono na kitambaa ndani ya gamba kama mtu anayesugua sufuria ya pilau. Kazi nzima haikuzidi dakika ishirini. Nikajikuta nahesabu miaka niliyokaa bila kuifanya kazi hiyo ya dakika ishirini. Ilifika mitatu na ushee.

Nilianza boda mwaka 2009. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, zile ambazo injini haifiki cc 250, nazo zikamiminika nchini kama kumbikumbi baada ya mvua. Kabla ya hapo mtu wa Kasigau akishuka basi la Mombasa hapa barabarani alikuwa na mawili: akae chini ya mti asubiri gari la Rukanga, ambalo saa yake aliijua dereva peke yake, au apige miguu kilomita 30 na zaidi. Sisi tukaja tukawa jibu. Kina mama walituita "mwanangu" hata kabla hawajatujua majina.

Pikipiki haikuwa yangu. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Voi niliyekuwa nikimpelekea hesabu kila jioni, na ilikuja na helmeti moja nyeusi, kioo chake tayari kina mikwaruzo. Moja, kwa watu wawili. Nayo siku zile ilikuwa ya askari, si ya kichwa. Ilining'inia kwenye kioo cha pembeni au kwenye kiwiko mpaka tukikaribia kizuizi cha polisi barabara kuu. Hapo ikapanda kichwani mita mia tatu, tukishavuka ikashuka. Saa nyingine zote ilikuwa chombo. Nimebebea humo mayai, maembe ya Taveta, dagaa, vifaranga sita vya mama mmoja wa Sasenyi, na siku moja kilo mbili za maharagwe mfuko ulipochanika njiani. Abiria aliyeivaa baada ya vifaranga hakuambiwa.

Lakini kilichoipa tabia ni vichwa. Ukiinusa jioni ulipata habari za siku nzima: mafuta ya nazi, moshi wa kuni, mafuta ya mgando ya wanafunzi, maziwa na ng'ombe kutoka kwa wachungaji wa ranchi, oili ya utingo aliyelala chini ya trela lake, rangi ya vitambaa vipya kutoka kwa akina dada wa kiwanda cha nguo cha Wildlife Works kule Rukinga. Juu ya yote vumbi. Udongo wa huku ni mwekundu kiasi kwamba watalii huwapiga picha ndovu wa Tsavo wakiamini kuna jamii ya ndovu wekundu duniani. Wanajimwagia udongo tu. Ngozi yao ni ya kijivu kama ya ndovu yeyote. Sponji ya helmeti yangu ilitoka dukani nyeusi, na baada ya miezi sita ilikuwa imeingia ukoo huo wa ndovu.

Tabibu mmoja wa zahanati nilikuwa nikimpeleka kazini, na siku moja akanieleza. Jasho lenyewe, alisema, likitoka mwilini karibu halina harufu. Uvundo unatengenezwa na vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi: vinakula jasho na mafuta, na tunachonusa sisi ni mabaki ya karamu yao. Vinataka joto, unyevu na giza. "Sasa wewe umevijengea nyumba," akasema, "ukaviwekea na paa." Alisema hayo akiwa ameivaa.

Kulikuwa na mambo mabaya kuliko harufu. Asubuhi nilikuwa nikibeba watoto wa shule, watatu kwa mpigo, na helmeti nikimvika yule wa katikati kwa sababu ndiye aliyelia akipigwa na upepo. Muhula mmoja watoto wengi wa njia yetu waliota mapunye, viduara vyeupe kichwani kama sarafu. Sisemi ilikuwa helmeti yangu. Kinyozi naye alikuwa na mashine moja. Ila nilipomwona yule wa katikati amenyolewa kipara na kupakwa dawa ya zambarau, sikumwuliza mama yake kitu.

Mtu wa Wundanyi kwenye vijito atauliza: ulishindwa nini kuiosha? Nilishindwa na maji. Maungu ni mji wa kupitiwa. Reli ya Waingereza ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, linapita hapa. Maji ya chemchemi za Mzima yanatoka Tsavo Magharibi tangu miaka ya 1950 kwenda kuinywesha Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200, nayo njia yake ni upande wetu huu. Malori usiku na mchana. Na tangu mwaka 2017 treni mpya ya SGR. Kila kitu kinatupita, na kikishapita kinatuachia vumbi. Mfereji ulitoa maji siku ulipotaka wenyewe. Siku nyingine zote tulinunua kwa mtungi wa lita 20 kutoka mkokotenini, shilingi ishirini kukiwa kuzuri, arobaini kiangazi kikikaza, na mwaka ule nilioanza kazi kilikaza hasa. Kwa mtungi mmoja mke wangu alipika, akaosha vyombo, akamwogesha mtoto, na yale ya kuogea akaupelekea mche wa mpapai nyuma ya nyumba. Ningeanzia wapi kumwomba nusu beseni nioshe kofia?

Ndivyo nilivyokuwa nikijieleza, na maelezo yalikuwa matamu. Lakini kila asubuhi, kiangazi hicho hicho, nilikuwa nikikaa stejini nikinywa chai na mandazi mawili. Shilingi ishirini. Kila asubuhi.

Jaribio langu la kwanza la usafi lilifanyika bila maji kabisa. Fundi mmoja wa pikipiki alinishauri petroli. Petroli inaondoa grisi kwenye injini, alisema, itashindwa na jasho? Hoja ikanikaa. Nikachovya tambara, nikasugua ndani kwa moyo wote.

Nyuma ya kile kitambaa cha ndani kuna tabaka jeupe, jepesi, lile lile la maboksi ya kubebea samaki wa barafu. Sikujua siku ile kwamba hilo ndilo helmeti yenyewe. Gamba la nje linazuia kitu cha ncha kisipenye na linakufanya uteleze badala ya kukwama. Lakini anayebeba kishindo ni yule mweupe, kwa kuwa akigongwa anabonyea, na kubonyea kwake ndiko kunakoupunguzia ubongo. Akishabonyea mara moja kazi yake imekwisha. Na kitu kimoja asichokiweza ni petroli. Nilisikia mchacho mdogo, kama soda inayomiminwa, kisha kidole changu kikazama. Alikuwa anayeyuka kama sukari guru ndani ya chai. Nilipoacha kusugua kulikuwa na bonde la upana wa kiganja upande wa kisogoni, na harufu mpya, jasho na petroli zimeoana.

Bonde nililijaza kipande cha godoro. Nikaivaa hivyo mwaka mzima na zaidi, nikawavika na watu wengine, wazee na wajawazito, gamba lenye godoro ndani. Hakuna aliyeanguka mwaka huo. Kila nikikumbuka naona ni deni ambalo mwenyewe hakuja kulidai, kumbe alikuwa amelisogeza mbele.

Helmeti ya pili nilinunua kwa pesa zangu Mombasa, Mwembe Tayari, mwaka 2011, na hiyo ndiyo iliyompata shangazi.

Shangazi yangu alikuwa Mdawida wa milimani kama sisi, lakini aliolewa Kibokoni, Mji wa Kale, akakaa huko miaka thelathini, na ujane ulipomrudisha Voi alirudi na leso zake, Kiswahili chake cha taratibu na chetezo cha udongo kilichopasuka mdomo. Siku moja nilimpelekea unga. Nikaiweka helmeti juu ya kochi. Hakusema kitu, alinyanyuka akafungua dirisha. Halafu akafungua na la pili.

"Hii mwanangu wavaa wewe?"

"Mimi na abiria, shangazi."

"Na hao abiria wakulipa? Haki wewe ndiwe ungewalipa."

Akaichukua. Alikamua kitambaa ndani ya bakuli la maji yenye siki, maji kikombe kimoja tu, nasisitiza hapo, kikombe kimoja, akafuta ndani pole pole, akageuza kitambaa, akafuta tena mpaka kitambaa kikaacha kutoka chekundu. Akaipepea kwa kipepeo cha ukili hadi ikakauka. Nilimwambia basi, imetosha, ifukize. Akanijibu kwamba kanzu chafu ukiifukiza inanuka mara mbili. Hicho ndicho wasichokijua watu wa manukato ya chupa. Kisha akaweka makaa mawili ndani ya chetezo, akanyunyiza ubani na kijiti cha udi, akafunika tenga juu, na juu ya tenga akaiweka helmeti kinywa chini, mbali na moto, kama afanyavyo mtu na nguo ya Idi. Moshi ukapanda, ukazunguka ndani, ukatokea kwenye vitundu vya hewa juu ya paji. Tulicheka. Ilikuwa kama kichwa cha mtu aliyewaza kupita kiasi.

Nilirudi Maungu jioni ile nikinukia harusi. Kila wiki mbili nikawa nampitia, naye akifanya vile vile, na mara mbili tatu aliniwekea kikuba cha rehani na asumini ndani yake, chini ya sponji ya kisogoni. Abiria walipenda. Mama mmoja wa Buguta alikuwa akiivaa hata tukiwa tumesimama. Lakini steji, bwana, steji haina huruma. Nikiegesha tu: "Bibi harusi amefika!" "Leo twaolewa wapi?" "Toa sinia tule biriani!" Vijana wa miaka ishirini na kitu, nami mmoja wao. Nilivumilia miezi mitatu. Siku ya mwisho shangazi aliponyoosha mikono kuipokea nilimwambia aache, nina haraka, kuna mtu ananisubiri. Hakukuwa na mtu. Alirudisha mikono akaifuta kwenye leso kana kwamba ilikuwa imelowa. Chetezo ninacho mimi sasa, juu ya kabati, na sijui kupanga makaa yake.

Basi helmeti ikarudia hali yake, na kiangazi cha mwisho wa mwaka 2012 kikaikuta hivyo.

Mwalimu mmoja alikuwa akifundisha upande wa Buguta na kwake ni hapa Maungu. Nilimbeba kila Jumatatu. Mwanamke mrefu, mkali kidogo, wa kusahihisha hata vibao vya hoteli. Asubuhi ile nilimpa helmeti, akaisogeza usoni, akaiondoa haraka.

"Hii huoshi?"

"Maji mtungi shilingi ishirini, Mwalimu."

Nilisema kwa mzaha wa stejini, na vijana nyuma yangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeandika jibu ambalo si kosa wala si sahihi. Kisha akanirudishia, akajifunga leso kichwani, akapanda. Nami, kwa kuwa kuishika mkononi kungenisumbua, nikaivaa mwenyewe.

Kabla ya Buguta kuna laga, mto mkavu unaokata barabara, na kiangazi mchanga wake unakuwa mwepesi kama unga. Ukiuingia unatakiwa uingie na mwendo, usukani umeulegeza, macho mbele. Niliujua mchanga ule kuliko ninavyolijua jina langu. Gurudumu la mbele lilizama, likajikunja, tukaenda sote upande wa kushoto. Mwendo haukuwa mkubwa. Mimi niliangukia kichwa. Nilisikia gamba likigonga jiwe, ko, nikainuka nikijipangusa. Yeye aliangukia mzizi wa mgunga. Leso ilikuwa na maandishi, na damu ilianza kwenye herufi za mwanzo ikaenda ikisoma.

Gari la kwanza kupita lilikuwa bouza la maji. Nakumbuka maji yakivuja kwenye koki ya nyuma, tone tone, dereva akinawa mikono humo baada ya kumpandisha. Walimfikisha Maungu, kutoka hapo matatu ikampeleka Voi. Nyuzi saba kwenye nyusi ya kushoto, na wiki mbili za kuumwa kichwa asiweze kusimama mbele ya darasa. Nusu ya gharama nililipa mimi, kwa mafungu, na mkungu wa ndizi juu yake. Neno samahani nililitanguliza na "lakini mchanga ule", na nikalisikia likiharibika mdomoni.

Mwezi Desemba mwaka ule ule sheria ikaanza: mwendeshaji na abiria wake, wote wawili wavae helmeti na koti la kuakisi mwanga. Haikutukuta. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba watafiti waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, wakatoa hesabu yao mwaka 2008, waligundua helmeti inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Yaani nilipoanza kazi hesabu hiyo ilikuwa imeshapigwa, ipo mahali, imekaa kwenye karatasi. Lakini ni hesabu ya helmeti iliyo kichwani. Iliyokataliwa kwa sababu inanuka haimo.

Sikuwa peke yangu, na hilo halinifariji sana. Kila mji wa boda katika Afrika ya Mashariki ulikuwa ukiipigania hoja ile ile: naivaaje kofia ya jasho la watu? Kampala kampuni ya SafeBoda, iliyoanza mwaka 2014, iliwapa abiria vile vikofia vyepesi vya wavu wavae ndani ya helmeti za rangi ya chungwa. Huku kwetu wanaume walijifunika mfuko wa nailoni kwanza, kichwa kinachakarisha kama mkate, mpaka tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Kenya nzima, wakarudi kuzishika helmeti mkononi. Wanawake hawakuhitaji kampuni wala mfuko. Leso ilikuwapo kabla ya sisi sote. Kisha ikaja korona, Machi 2020, na ghafla kila mtu akagundua helmeti ya pamoja ni hatari. Vijana wakapuliza dawa ya mikono ndani na nje, vioo vikaingia ukungu usiotoka. Wengine waliona bora waziache nyumbani. Tulihamisha hatari kutoka puani kwenda kisogoni, tukaona tumepona.

Mimi nilikuwa nimeshatoka. Niliacha boda mwaka 2018, mgongo uliposema basi, nikafungua duka la spea hapa hapa barabarani. Kwenye paa kuna mifereji ya bati na chini yake tangi. Mvua za Novemba zikiwa za kweli maji yananifikisha mbali. Na sasa ndipo naosha helmeti za watu, mtu asiyepanda pikipiki. Za jamaa, za mwanangu, za mteja akiniomba. Sitozi.

Naanza na kukung'uta mchanga kabla ya kulowesha chochote. Kioo nakifunika tambara bichi robo saa, wadudu waliokaukia walainike, halafu nafuta kwa kiganja. Ukikisugua kikavu, vumbi letu ni msasa. Sponji zikiwa za kuchomoka nazichomoa, nazitia katika maji ya uvuguvugu na shampuu ya mtoto, nazibonyeza bila kuzisokota. Zikiwa zimegandishwa nafanya kama shangazi, kitambaa, siki na maji nusu kwa nusu, kikombe kimoja. Harufu ikikaidi nanyunyiza baking soda, ile ya maandazi, inalala nayo, asubuhi nakung'uta. Si magadi. Wateja wawili wamenichanganyia hapo: magadi ya kulainishia maharagwe ni makali, yanamaliza ngozi ya mkono. Kisha naianika kivulini, chini ya mwarobaini upande wa upepo, kwa kuwa jua la Maungu linakausha hata gundi. Stroberi siweki. Helmeti inachukua siku nzima kukauka sawasawa, na hapo ndipo mtu wa boda anaponishinda, maana siku nzima bila helmeti ni siku nzima bila kazi, au bila kichwa. Mwenye mbili ni tajiri.

Mwalimu alistaafu. Baada ya ile ajali alinunua helmeti yake mwenyewe, ya buluu, akawa anaitembeza kwenye kikapu cha mkonge cha Kasigau pamoja na madaftari, na hakupanda tena pikipiki yangu. Salamu alinipa daima, kamili, hujambo na watoto hawajambo. Mwezi uliopita aliingia dukani na kikapu kile kile, akaitoa akaiweka kwenye kaunta.

"Nasikia waosha."

Niliiosha jioni ile, baada ya kufunga. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama Mto Voi ukifurika. Ya pili rangi ya chai. Ya tatu nikaiona mikono yangu ndani yake. Ilikuwa imetunzwa, uchafu wote ulikuwa wa mtu mmoja na barabara moja. Nilipoibonyeza ndani niliona tabaka jeupe limezeeka, limeanza kuachana na gamba, na helmeti ya umri huo haifai tena njia. Nikafikiri nitamwambiaje mimi, kati ya watu wote, kuhusu helmeti inayofaa na isiyofaa.

Alirudi kesho yake adhuhuri. Duka lilikuwa na watu. Aliichukua kwa mikono miwili, akaisogeza usoni, akanusa. Alikaa hivyo muda mrefu, macho ameyafumba, na ile nyusi ya kushoto ambayo nywele zake hazikuota tena mahali pamoja ikawa mbele yangu kabisa. Nikamwambia habari ya lile tabaka. Akasema anajua, umri anaujua kuusoma, ataitundika ukutani. Kisha akauliza bei.

"Hapana, Mwalimu. Kwako hapana."

Alifungua kibeti, akapekua, akatoa sarafu moja akaiweka juu ya kaunta, upande wa ndovu juu. Shilingi ishirini.

"Ya maji," akasema, akatia helmeti yake kikapuni.